Maswali ya Wasomaji: Ukiwaza Kitu, Unawaza Nini Hasa?

Mbukwenyi wasomaji. Toleo lililopita tuliwatupia swali moja tukasema mtuandikie: ukiwa unawaza, ni nini kinacholifanya wazo lako liwe la kitu hiki na siyo kile? Yaani ukimkumbuka mama yako aliyeko Mpwapwa, kwa nini wazo hilo ni la mama yako na siyo la mama mwingine wa Mpwapwa anayefanana naye kila kitu? Nilidhani mtapuuza maana swali lenyewe halina hela ndani yake, kumbe meseji zimemiminika mpaka mhariri ananiangalia vibaya. Kuna jamaa katuma picha ya mbuyu tu bila neno lolote, na mpaka sasa sijui lilikuwa jibu au kabonyeza kwa bahati mbaya. Nimechagua chache, nimezipunguza urefu, majina nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina kiwanja Nala, hati ninayo, ila juu yake kuna tofali, magugu na mbuzi wa jirani. Nyumba haijaanza. Lakini kila nikilala naiona yote, vyumba vitatu, masta ina choo ndani, baraza inatazama barabara, geti jeusi, hadi swichi ya taa najua iko upande gani wa mlango. Mke wangu anasema nawaza kitu ambacho hakipo, na kuwaza kisichokuwepo ni sawa na kutowaza. Mimi nasema nawaza nyumba yangu. Tusaidie maana hili limeanza kuwa ugomvi. – Msomaji, Nala

JIBU: Marahaba kaka. We ndo uko sahihi, ila usimcheke shemeji maana hoja yake imewatoa jasho watu wakubwa.

Aliyelirudisha swali hili mezani kwa zama zetu ni Franz Brentano, padri aliyeacha upadri akawa profesa Vienna, na mwaka 1874 akatoa kitabu cha saikolojia ambamo alisema jambo ambalo linasumbua watu mpaka leo: kila tendo la akili lina kitu linachokielekea. Ukipenda, kuna unachokipenda. Ukichukia, kuna unachokichukia, ukitamani hivohivo. Jiwe la Mlimwa haliko hivo, jiwe lipo tu, halihusu chochote. Kwa Brentano hiyo ndo alama ya akili inayoitenga na vitu vingine vyote. Siyo kwamba alianzia hewani, karne nyingi kabla yake mwanafalsafa na tabibu Ibn Sina, aliyefariki 1037, alishaandika habari za kondoo anayemwona mbwamwitu: jicho la kondoo linapata rangi na umbo, lakini uadui hauna rangi wala umbo, na bado kondoo anaupata uadui ule na anatimua mbio. Kuna kitu akili yake imekielekea ambacho jicho peke yake lisingempa.

Sasa njoo kwenye hoja ya shemeji. Mambo mengi yanayounganisha vitu viwili yanataka vyote viwepo. Nikikaa pembeni yako lazima uwepo, nikikukanyaga mguu lazima mguu uwepo. Lakini nikikuwaza, silazimiki kukukuta. Hapo ndipo kwenye utata wote, na watu waligawanyika vibaya. Alexius Meinong, aliyekuwa mwanafunzi wa Brentano, mwaka 1904 kule Graz akaona bora akubali moja kwa moja: mlima wa dhahabu haupo, lakini ni kweli kwamba ni wa dhahabu, kwa hiyo kuna vitu ambavyo havipo na bado vina sifa zake. Kwa Meinong nyumba yako ina geti jeusi tayari, kilichokosekana ni kuwepo tu. Mwaka uliofuata, 1905, Muingereza Bertrand Russell akaona huku ni kuijaza dunia vitu hewa. Akachukua sentensi ya mfalme wa sasa wa Ufaransa kwamba ana upara, na Ufaransa haina mfalme, akasema sentensi hiyo haimnyooshei kidole mfalme yeyote wa mzimu, inadai tu kwamba kuna mtu mmoja na mmoja tu ambaye ni mfalme wa Ufaransa na kwamba mtu huyo ana upara, na kwa kuwa dai la kwanza ni la uongo basi sentensi nzima ni ya uongo, kazi imekwisha.

Ni ujanja mzuri sana ule na nimeufundisha kwa miaka. Ila kwako hautoshi, maana we usiku hutoi dai lolote. Huambii mtu kwamba nyumba ipo. Unaitamani, na hamu siyo kweli wala siyo uongo.

Mimi naionaje? Nenda stendi ya Nanenane utakuta basi limeandikwa Kondoa kwenye kioo. Likifia njiani halijafika Kondoa, lakini huwezi kusema lilikuwa haliendi popote, wala huwezi kusema lilikuwa linaenda Singida. Mwelekeo lilikuwa nao tangu linatoka. Najua utaniambia mfano una kasoro, Kondoa ipo na nyumba yako haipo, na ni kweli, kwa hiyo nikupe kisa ambacho pande zote mbili zimo.

Mfaransa Urbain Le Verrier aliona sayari Uranus haifuati njia inayotakiwa, akakaa na hesabu, akasema kuna sayari nyingine isiyojulikana inaivuta na akataja ilipo. Septemba 1846 Johann Galle akaelekeza darubini kutoka Berlin akaikuta, haijapita hata digrii moja kutoka pale palipotajwa. Ndo Neptune. Sasa huyohuyo Le Verrier mwaka 1859 akaona na sayari ya Zebaki inayumba kidogo kwenye njia yake kulizunguka jua, akafanya kilekile, akasema lazima kuna kitu kingine kati yake na jua. Sayari hiyo ikapewa jina, Vulcan, kuna watu wakaapa wameiona, ikatafutwa miaka na miaka. Haikuwepo. Mwaka 1915 Einstein akaonyesha kwamba kuyumba kule kunatokana na namna mvutano wa jua unavyofanya kazi, hakuna sayari yoyote pale.

Angalia sasa. Kichwa kilekile, hesabu za aina ileile, imani ileile. Ukimuuliza mwenyewe 1859 angekwambia anawaza sayari zote mbili kwa namna moja. Kama kuwaza kisichokuwepo ni kutowaza, basi Le Verrier aliyekesha na Vulcan hakuwa anawaza kitu, na wale waliokuwa wanaikodolea macho kwenye darubini hawakuwa wanatafuta kitu, na hata kauli ya kwamba walikosea inakosa pa kushika, maana mtu anakosea kuhusu jambo fulani. Mwambie shemeji hivo. Halafu na yeye muulize anawaza nini akisikia neno nyumba, nahisi mageti ni mawili tofauti na hapo ndo ugomvi wenyewe ulipo.

SWALI: Habari yako Mwalimu. Nilikuwa na mtu mtandaoni, tumechati muda mrefu, picha zake kijana mrefu mweusi anatabasamu vizuri, akasema ni injinia wa reli. Kila usiku ananiuliza umekula, siku ngumu ananitia moyo, nilimpenda kweli. Baadae nikajua picha kazichukua kwenye akaunti ya mtu mwingine kabisa, uinjinia hakuna, na jina analotumia siyo la mwenye picha wala siyo lake. Maumivu yamepungua ila kuna swali linanikera: nilimpenda nani? Mashoga zangu wanasema nilipenda simu. – Dada, Makole

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Na hao mashoga waambie simu haikuulizi kama umekula.

Tuhesabu wanaogombea nafasi hiyo. Yupo mwenye sura, ambaye hajui kama upo. Yupo mwenye vidole, aliyekuwa anaandika. Na yupo injinia mrefu mwenye tabasamu na maneno matamu, ambaye kama mtu kamili hayupo mahali popote. Zamani watu wengi wa falsafa walikuwa wanaelekea kusema hivi: wazo ni la yule anayelingana na maelezo uliyonayo kichwani. Chukua maelezo yako yote, tafuta anayeyatosha, huyo ndo uliyemuwaza. Kwa hesabu hiyo jibu lako ni hakuna, ulimpenda hewa, na mashoga wameshinda.

Lakini Januari 1970 Mmarekani Saul Kripke, hajafika hata miaka thelathini, alitoa mihadhara pale Princeton akaivuruga picha hiyo. Alisema jina linaweza kukufikisha kwa mtu hata kama karibu yote unayoyaamini kumhusu ni makosa, kwa sababu jina linapita mkono kwa mkono, huyu kampa yule, yule kampa mwingine, mpaka mwanzo kabisa kwa aliyepewa. Kinachofanya kazi ni ule mnyororo, siyo wasifu ulioko kichwani mwako.

Tusiende mbali, shuka Iringa hapo. Mtwa Mkwawa alikufa Julai 1898, kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa kumaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu la Sultani Mkwawa, hebu fikiria, mkataba wa vita ya dunia na fuvu la Mhehe limo ndani. Halikurudi mpaka 1954, baada ya Gavana Twining wa Tanganyika kwenda makumbusho ya Bremen akakuta mafuvu mengi, akachagua kwa kulinganisha vipimo na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Fuvu lililorudishwa liko Kalenga, na kuna watu wenye akili zao wanaotilia shaka kama ni lenyewe. Sasa wewe ukisimama pale mbele ya kioo ukamuwaza Mkwawa kwa heshima, halafu ije kuthibitika fuvu lile ni la mtu mwingine, ulikuwa unamuwaza nani? Mimi nasema Mkwawa. Heshima yako ilipita kwenye mnyororo wa masimulizi, bibi kamwambia mama na mwalimu kakufundisha darasani, na mnyororo huo unakwenda mpaka kwake. Fuvu lina mnyororo wake mwingine, na huenda unaishia kwa maskini fulani asiyejulikana. Macho yako yalikuwa kwa huyu, wazo lako kwa yule.

Yako ni hiyohiyo kasoro huzuni imekaa upande tofauti. Kuna Mjerumani, Gottlob Frege, mwaka 1892 alitukumbusha kwamba nyota ya alfajiri na nyota ya jioni ni kitu kimoja, zote ni sayari ya Zuhura, na mtu anaweza kuijua moja asijue kwamba ndo nyingine. Hiyo ni sura mbili mwili mmoja. Wewe ulipewa sura moja, nyuma yake watu wawili, na hukuwa na njia ya kujua kwamba umeunganishiwa.

Kwa hiyo jibu langu, na najua halitakufurahisha: ulimpenda mwenye vidole. Yeye ndo aliyekuwa upande wa pili wa kila meseji, yeye ndo aliyeuliza umekula, alipokaa kimya siku mbili ukakosa usingizi ulikosa usingizi kwa ajili yake, siyo kwa ajili ya yule mwenye sura ambaye siku hizohizo alikuwa zake kazini anakula chipsi. Ulimpenda ukiwa na maelezo ya uongo kumhusu, uongo aliokupa mwenyewe, na kumjua mtu vibaya siyo sawa na kumkosa. Ndo maana hasira uliyonayo nayo ina mtu wake. Kama ungekuwa umependa hewa, ungekuwa umedanganywa na hewa, na hilo haliwezekani, aliyekudanganya ni mtu na ni huyohuyo.

Kuna sehemu moja tu nitawaachia mashoga zako. Pale ulipokuwa unafumba macho unaona ile sura inacheka, wazo lile nadhani lilivunjika vipande viwili, sura ya mmoja na kicheko cha mwingine, na sidhani kuna jibu moja la lilikuwa la nani. Siyo kila wazo lina mwenyewe mmoja, na anayekwambia lazima liwe naye mwambie akuonyeshe kwa nini.

Halafu la nje ya falsafa, ukikutana na mwenye sura Nyerere Square usimvae kwa maneno. Hakufahamu, na hana kosa lolote zaidi ya kutabasamu vizuri. Na yule mwingine kama alikuomba hela, peleka hizo meseji polisi.

SWALI: Mwalimu mwenzangu habari za kazi. Mimi nafundisha historia Kondoa, mara kwa mara napeleka wanafunzi Kolo kwenye michoro ya miambani. Wakifika wanauliza swali moja, huyu ni nani na wanafanya nini hapa? Ninaeleza wanachosema wataalamu, lakini wataalamu wenyewe hawaelewani. Je, mchoro unahusu kile alichowaza mchoraji, au kile ninachokiona mimi? – Mwalimu, Kondoa

JIBU: Salama mwalimu, poleni na vumbi la huko.

Kwa wasiofika: kuna zaidi ya maeneo 150 ya mapango na miamba yenye michoro huko Kondoa, UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na michoro hiyo imechorwa kwa muda usiopungua miaka elfu mbili. Watu wembamba warefu, wanyama, alama ambazo hatujui pa kuzishikia. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akinakili mchoro mmoja mmoja.

Na kuna mchoro mmoja wa Kolo ambao ndo swali lako lilivyo. Mtu yuko katikati, wengine wamemshika huku na huku. Leakey aliona mwanamke anatekwa, upande mmoja unamvuta na mwingine unamng'ang'ania. Wengine, David Lewis-Williams wa Afrika Kusini akiwemo, wakaangalia mistari ileile wakaona ngoma ya uganga, mtu kapandisha na wenzake wamemshikilia asianguke. Kutekwa na kuuguzwa, kwa mkao uleule wa mikono! Simama mbele yake ujaribu zote mbili, utaona mwamba haukubishii.

Kwa hiyo kufanana peke yake hakuamui. Mwanafalsafa Hilary Putnam alilisema hili mwaka 1981 kwa mfano wa mdudu: chungu anatembea kwenye mchanga, mistari anayoacha kwa bahati tu ikatokea sura ya Winston Churchill. Chungu kamchora Churchill? Hapana, hamjui Churchill, hajawahi kukutana naye wala kusikia habari zake, na sura yenyewe ameiona mtazamaji. Ukikubali hilo kwa chungu, umeshakubali kwamba mstari unakuwa wa kitu fulani kwa sababu ya uhusiano wa aliyeuchora na kitu hicho. Mchoraji wa Kolo aliishi na pofu na twiga, aliona hiyo ngoma au huo ugomvi, mkono wake ulitoka huko.

Basi jibu langu ni kwamba unahusu kile alichokuwa nacho yeye, hata kama njia ya kumfikia imekatika katikati. Tusipojua ni utekaji au uganga, hilo ni pengo letu, mchoro wenyewe haujawa wa wote wawili kwa sababu ya ujinga wetu. Nikisikia mtu anasema sanaa inahusu chochote mtazamaji anachojisikia, huwa namtamani nimpeleke Mungomi wa Kolo, ambako watu bado wanakwenda kufanya matambiko, akawaambie wenyewe kwamba ni chochote tu. Watoto waambie zote mbili, halafu waambie moja ni kosa. Wakiuliza ipi, hapo watakuwa wameanza kusoma historia.

SWALI: Haya yote yanashusha bei ya mafuta ya kula? – Msomaji, Majengo sokoni

JIBU: Hayashushi. Ila ukiogopa bei ya mwezi ujao unaogopa kitu ambacho bado hakipo, kwa hiyo karibu chamani, kaa na yule ndugu wa Nala.

SWALI: Mwalimu mambo, mi nasoma UDOM mwaka wa pili. Niliuliza programu ya akili mnemba kwenye simu kuhusu zabibu za Dodoma, ikanieleza mpaka kwamba huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, vizuri kuliko mjomba wangu mwenye shamba Hombolo. Sasa ikiandika zabibu, inawaza zabibu? Rumeti wangu anasema inawaza, mimi nasema inapanga herufi tu. – Mwanafunzi

JIBU: Poa mwanangu. Kwanza mjomba mheshimu, yeye akisema zabibu mikono yake ina makovu ya waya.

Hoja yako ina mwenyewe, ni mwanafalsafa John Searle, aliitoa mwaka 1980. Alisema tuseme kafungiwa chumbani, hajui Kichina hata kidogo, ana kitabu cha maelekezo tu kinachosema ukiona alama hii toa ile. Wachina walioko nje wanaingiza maswali, yeye anafuata kitabu anatoa majibu, na majibu ni mazuri mpaka walioko nje wanaamini ndani kuna Mchina. Na yeye mle ndani hajaelewa neno hata moja. Kompyuta kwa Searle ndo iko hivo, ina kitabu na haina uelewa. Watu wamembishia kwa miaka, wengine wakisema uelewa uko kwenye chumba kizima pamoja na kitabu na siyo kwa yule jamaa peke yake, mimi hilo sijawahi kulimeza.

Ila usishangilie mapema, rumeti wako naye ana pa kusimama. Yale maneno ya programu hayakutoka kwa chungu. Yametoka kwenye maandishi ya watu, na kati ya watu hao wapo waliolima zabibu, waliozila, waliozipima. Mnyororo ule wa Kripke upo, umepita kwao ukafika kwenye simu yako. Kwa hiyo neno zabibu pale kwenye skrini linahusu zabibu kweli, kama linavyohusu kwenye kitabu cha kilimo. Kitabu nacho hakiwazi.

Swali lililobaki ni kama kuna wazo la simu yenyewe. Hapa mimi huwa naangalia makosa. Chukua nyuki, na nyie watu wa Manyoni na Itigi mnawajua vizuri kuliko mimi. Nyuki akirudi mzingani na habari ya maua anacheza, na Karl von Frisch alipata Nobeli mwaka 1973, sehemu ya kazi yake ikiwa kuisoma ngoma yao: pembe anayocheza inaonyesha maua yako upande gani ukilinganisha na jua, na urefu wa mtikisiko unaonyesha umbali. Mwanafalsafa Ruth Millikan akaitumia ngoma hiyo kwenye hoja yake, kitabu chake kikubwa kilitoka 1984. Ngoma inahusu maua kwa sababu ndo kazi iliyoifanya idumu vizazi na vizazi, wenzake wakifuata wanakuta chakula na mzinga unaishi. Ngoma ikielekeza pasipo na maua, nyuki wamekosea wao wenyewe, na hasara ni yao, hawahitaji mfugaji wa kuwaambia.

Sasa simu ikikwambia zabibu za Dodoma zinavunwa mara tano kwa mwaka, nani kakosea? Wewe utafeli mtihani, mjomba akikusikiliza atapata hasara. Ile programu haipotezi hata tone, itaandika sentensi inayofuata kwa utulivu uleule. Kosa unaliona wewe kwa sababu wewe ndo una shida na zabibu. Kwa sasa hivi basi nakupa pointi wewe, japo siyo kwa sababu ya kupanga herufi, maana hata ubongo wako ukiuchungulia kwa karibu unapanga vitu ambavyo kimoja kimoja havijui zabibu ni nini. Nakupa kwa sababu sioni pa kuiwekea hasara. Rumeti akikuonyesha mashine ambayo kukosea kunaigharimu yenyewe, niandikie tena, nitabadilisha jibu.

Na mwambie akitaka kunibana zaidi amsome mwanafalsafa Daniel Dennett, kitabu chake cha 1987. Yeye atamwambia kama kuichukulia mashine kana kwamba inawaza kunakusaidia kutabiri itafanya nini, basi hakuna siri nyingine ya ndani ya kutafuta, kwa mashine wala kwa mjomba. Sikubaliani naye na bado sijapata jibu safi la kumrudishia.

SWALI: Mke wangu huniuliza "unawaza nini?" nikimjibu "siwazi kitu" hakubali. Saa nyingine kweli nimekaa tu, au nina huzuni ambayo haina sababu. Inawezekana kuwaza bila kuwaza kitu? – Dereva bodaboda, Nkuhungu

JIBU: Brentano yuko upande wa mkeo, kwake hakuna tendo la akili lisilo na kitu linachokielekea. Mimi niko upande wako nusu. Hiyo huzuni ya kuamka nayo, ambayo hukufiwa wala hukuibiwa, ni ushahidi mbaya kwa Brentano, na wanaomtetea husema ni huzuni inayohusu kila kitu kwa mara moja, dunia nzima inaonekana imepauka. Inawezekana. Maumivu ya jino nayo wanahangaika nayo hivohivo, wanasema yanahusu jino. Mimi naona huzuni ya aina ile haijaelekea popote mpaka uanze kuitafutia sababu, na ukianza kuitafutia utaipata tu, utamlaumu abiria wa asubuhi. Na ikikaa wiki na wiki nenda hospitali, siyo kwangu.

Ila hizo siku nyingine unazosema umekaa tu, acha uongo kaka. Mwambie ulikuwa unawaza Dodoma Jiji wamefungwaje.